Shuka Nililolificha

Kina mama wa jumuiya waliniita niwaambie habari za urafiki. Walisema, bibi, wewe ndiye mkubwa wetu, tueleze urafiki wa kweli unafananaje na upendo wa Mungu. Nikawaambia mie sina maneno mazuri, nilisoma miezi saba tu, darasa la ubatizo. Wakacheka, wakidhani najishusha. Basi nikasema mambo mawili matatu ambayo kila mtu anayasema, wakapiga makofi, tukanywa chai. Nilipofika nyumbani niliona nimewadanganya, maana jambo lenyewe sikuligusa. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Naandika mwenyewe, polepole. Herufi zikienda upande msinicheke, mambo yenyewe yamenyooka.

Nimekuwa na shoga mmoja tu tangu nizaliwe. Wengine wote walikuwa majirani.

Tulikuwa tunakaa Temeke, na Temeke wakati ule ni mashamba. Mihogo, mikorosho, nyumba ya udongo hapa, nyingine kule, na kisima kimoja cha watu wote. Baba yangu alikuwa mpagazi, aliletwa pwani na mizigo ya watu, alitembea kwa miguu kutoka Unyamwezi na furushi kichwani, akabaki. Mume wangu naye Mnyamwezi, alikuwa mpakuzi wa bandarini. Huyo shoga yangu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Hakujaliwa mtoto, na mumewe alimwacha kwa ajili hiyo. Alijitafutia kwa kusuka mikeka ya ukindu. Ukipita kwake wakati wowote utamkuta kanyoosha miguu, ukili wa mkeka unatembea vidoleni, na mdomo nao unatembea.

Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na wa tangu zamani. Mtani anakutukana huruhusiwi kukasirika. Anachukua kitu chako bila kuomba, huruhusiwi kudai. Na siku ya msiba, yeye ndiye anayekuosha na kukuzika, na kukucheka juu yake. Yule mwanamke aliutumia utani wote mpaka ukaisha makali. Alikuwa anaingia kwangu bila hodi, anafunua chungu, anachukua kipande cha samaki, ndipo anasalimu.

"Nyie mmebeba mizigo ya Waarabu," ataniambia, "mpaka shingo zimeingia tumboni. Mtoto wenu akizaliwa mnamtafutia kata ya kichwani kwanza, nguo baadaye."

Mie sikuwa hodari wa maneno. Siku moja nikamjibu, "Nyie Wazaramo mvua ikinyesha mnacheza ngoma, isiponyesha mnacheza ngoma. Jembe mtalishika lini?"

"Siku ya kukuzika," akasema, akaendelea kutafuna samaki wangu.

Darasa la ubatizo tuliingia pamoja. Kanisa lilikuwa banda la makuti, na mwalimu wa kanisa alikuwa mtu mwembamba, mkali, mwenye haki. Desturi yetu pale ilikuwa hivi: kila mwanamke anayebatizwa ukubwani anunue shuka jeupe la bafta, alivae siku ile, na baada ya hapo asilivae tena. Analikunja, analitilia karafuu wadudu wasilile, analiweka sandukuni lingoje. Akifa ndilo anazikwa nalo. Mwalimu alitufundisha kwamba jinsi tulivyopokelewa hapa ndivyo tutakavyopokelewa kule. Yeye alikuwa anasema habari za moyo safi. Mie nikalishika neno lile kama mtu anavyoshika cheti. Nikaamini kabisa kwamba pale mlangoni watu watatazamwa mashuka, na asiye na shuka lake atasimama nje. Wala sikuwa peke yangu. Wanawake wengi wa Temeke waliamini hivyo, na tulikuwa tunayalinda yale mashuka kuliko sufuria zetu.

La kwangu na la shoga yangu yalikatwa kutoka jora moja, siku moja. Tulibatizwa Pasaka ileile, mie mbele, yeye nyuma yangu. Na kila baada ya miezi tulikuwa tunakaa pamoja kubadilisha karafuu, leo kwangu, kesho kwake.

Jambo moja zaidi niliseme kabla sijafika kwenye kosa langu. Alikufa mzee mmoja wa Kinyamwezi, Mkristo, na mtani wake wa Kizaramo, naye wa kanisani, akashuka kaburini akajilaza. Akasema maiti hii haiingii humu, mwenye nyumba nimo. Watu wa utani wanajua, mtu akilala kaburini hatolewi mpaka apewe anachotaka. Mwalimu akakasirika. Alisema kaburi la Mkristo halifanyiwi mchezo, na yule mtu akatengwa, asikaribie Meza ya Bwana, akae benchi la nyuma. Mie nilifurahi. Nilimwambia shoga yangu, ndivyo inavyotakiwa, mambo ya giza yaishe.

Yeye akasema, "Giza gani? Mtu wako anaondoka moja kwa moja, humzuii hata kidogo?"

Nikamwambia utatengwa na wewe. Akanitolea ulimi.

Halafu vita vikaja. Mume wangu akachukuliwa askari, akapelekwa ng'ambo. Na nguo zikaisha. Waliozaliwa juzi hawawezi kunielewa nikisema nguo ziliisha. Dukani kwa Mhindi rafu zilikuwa mbao tupu. Kitambaa kidogo kilichokuja kilikuwa cha mgao, kwa cheti, na vyeti havikufika Temeke sana. Niliona watu wazima wamevaa magunia yaliyotobolewa shingo. Niliona Waislamu, watu wa heshima zao, wanapita nyumba hadi nyumba kuomba sanda.

Nilikuwa na mtoto mmoja, msichana, miaka mitatu. Surua ilimkamata siku ya kwanza macho, ya pili kifua, ya nne asubuhi akafa. Sitaandika zaidi ya hapo juu yake.

Wanawake wakaja. Shoga yangu alikuwapo tangu siku ya kwanza, ameketi sakafuni ameegemea kitanda. Mkubwa wao, mama mmoja wa kanisani, akaniuliza una kitambaa cha kumvika mtoto. Sanduku lilikuwa mvunguni, kisigino changu kinaligusa. Nikasema sina. Akasema, na shuka lako la ubatizo? Nikasema limeliwa na mchwa.

Nimelisema kwa kinywa changu, na mtoto wangu amelala pale. Nilifikiri hivi: mtoto ni mtoto, Mungu atampokea hata uchi. Mie ni mtu mzima, nina dhambi, nitahitaji shuka. Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu, sikuwa na wazimu.

Shoga yangu akainua uso akanitazama. Haukuwa umepita hata mwezi tangu tubadilishe karafuu za shuka lile, mie na yeye, palepale juu ya kitanda. Alijua halina hata tundu la sindano. Akanitazama, halafu akasimama akatoka. Aliporudi alikuwa na la kwake.

Akamwosha mtoto yeye. Shuka lilikuwa kubwa, akalizungusha mara nne. Yule mama wa kanisani akamwambia, likate, nusu itatosha, ubaki na nusu. Akajibu, "Nusu ya nini? Nizikwe kiunoni kwenda chini, juu nimwonyeshe Petro maziwa?" Wanawake wakacheka ndani ya kanga zao. Mie nilikuwa nimejiinamia.

Wakati wa kutoka ulipofika sikuweza kusimama. Akaja akanyoosha mikono.

"Mnyamwezi mzima," akasema, "umeshindwa na kifurushi hiki? Lete. Leo Mzaramo anabeba."

Akambeba mpaka kaburini, mikononi, hakumpa mtu.

Sasa mtasema nilimpenda zaidi baada ya hapo. Hapana. Nilianza kumchukia. Nilikuwa nikimwona anakuja na kibuyu cha uji, nageukia ukutani. Nilingoja aseme. Kila siku nilijiambia leo atasema, nami nikaandaa majibu makali ya kumrudishia. Hakusema. Aliendelea kuingia bila hodi na kufunua chungu, hata siku ambazo chungu kilikuwa na maji matupu. Siku hizo alikuwa anasema, "Naona leo umepika supu ya mpagazi." Kanga yangu ya bluu aliichukua hivihivi kambani, akajifunga, akaenda zake. Mie nilikuwa namjibu kwa neno moja moja. Kanisani nikahamia upande wa pili. Alikuwa ananifuata, anakaa karibu, anaimba kwa sauti ile yake ya chura.

Mwaka ukapita na zaidi. Yeye akaanza kukohoa. Mwanzoni alisema ni vumbi la ukindu. Baadaye akatoa damu, akaenda hospitali kwa miguu, wakamwambia ale mayai na maziwa na apumzike. Alinisimulia hilo kama mzaha mkubwa. Mayai, wakati wa vita, kwa mwanamke asiye na mume. Mikono ikawa haiwezi tena kuvuta ukili. Alikuwa na mkeka mmoja alioumaliza kabla ya kulala kabisa, mzuri, wenye nakshi nyekundu, haukupata mnunuzi.

Nilikuwa naenda kumfulia na kumchotea maji. Nilifanya kazi, nikaondoka. Lakini kila nilipomwona nilijua atazikwa na nini: hana kitu. Shuka lake liko chini ya ardhi na mtoto wangu. Na langu liko sandukuni na karafuu zake.

Asubuhi moja nilikuwa namkanda mgongo, nikahesabu mbavu zake bila kutaka. Nikamwambia. Sikuzunguka. Nikasema lile shuka halikuliwa na mchwa.

"Najua," akasema. "Si tulitia karafuu pamoja?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile.

"Niseme nini mbele ya watu, mtoto kalala pale?"

"Basi si ungelichukua. Wewe mtani. Umechukua samaki, umechukua kanga, hukuomba hata siku moja. Sanduku unalijua lilipo."

Akakohoa, nikamngoja. Akanigeukia kidogo.

"Samaki nachukua," akasema. "Lile nilikuwa nangoja unipe."

 Nikanawa mikono nikamwambia nakwenda kulileta, sasa hivi.

"Nenda basi, mpagazi," akasema. "Usipumzike njiani."

Kutoka kwake mpaka kwangu ni kama kutoka hapa mpaka barabarani. Nilifika, nikavuta sanduku, nikalitoa shuka, nikaketi nalo kitandani. Lilikuwa jeupe kama siku ile. Nikasema ngoja nilipige pasi. Nikasema pasi ya nini, mkaa sina. Nikafikiri mume wangu hajaleta barua siku nyingi, huenda amekufa huko. Mtoto sina. Nikifa kesho nani atanitafutia kitambaa, na kitambaa chenyewe kiko wapi? Jua likatoka mlangoni likapanda ukutani. Nikasema nitakwenda mchana. Mchana nikasema amelala, nisimsumbue. Jioni nikalikunja nikalirudisha sandukuni, nikasema kesho asubuhi, na nilikusudia kweli. Nilipumzika njiani. Mtu akisema ibilisi anakuja na pembe, mie simsikilizi. Alikuja na maneno ya akili tu, kila moja lina maana.

Alikufa kabla ya alfajiri. Kaka yake alikuwa amefika jana yake kutoka Kisarawe, na alitaka kurudi kwao siku hiyohiyo. Wanawake wa upande wa kisimani wakamwosha mapema, jua halijawa kali. Kutafuta kitambaa wakaona ni kupoteza wakati. Wakamfunga ndani ya ule mkeka wake mwenyewe usiopata mnunuzi, wakaushona kwa kamba ya ukindu. Mie nilisikia nikiwa nakoroga uji wa kumpelekea. Nilipofika wameshanyanyua kitanda wanaelekea makaburini.

Nikarudi nyumbani mbio. Nikalichukua shuka, nikaliweka ndani ya kanga, nikawafuata.

Niliwakuta mwalimu ameshaanza kusoma. Kaburi limechimbwa kwenye mchanga, ukingo wake unamomonyoka. Nikamwendea kaka wa marehemu nikamwambia nina shuka lake. Akaniambia dada yangu, mkeka umeshashonwa, tusimhangaishe. Nikamwendea mwalimu, nikamkatiza kusoma. Hakunikemea. Aliniambia kwa upole, tena mbele ya wote, kwamba Bwana anawajua walio wake bila kitambaa.

Lilikuwa neno la kweli. Ningelipata siku ile alipokufa mtoto, mambo yangekuwa mengine. Sasa lilikuwa linanifungulia mlango nitoroke, na kila mtu pale angeniona nimefanya nilivyoweza. Ningebaki na shuka langu. Ningelirudisha sandukuni mara ya pili.

Nikashuka kaburini.

Nilikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mshiriki, niliyekuwa nawaambia wenzangu mambo ya giza yaishe. Nikajilaza chali kwenye ule mchanga, baridi ikaniingia mgongoni, nikaona nyuso zote zimeinama juu. Maneno ya mtani yanayosemwa pale nilikuwa nayajua, nilikuwa nimeyasikia na kuyahukumu. Nikayasema.

"Mzaramo huyu haingii humu. Pamejaa. Mpagazi amelala na mzigo wake, na hatoki mpaka mzigo upokelewe."

Mwalimu akaniita kwa jina langu la ubatizo. Mama yule wa kanisani akasema huyu amepagawa. Lakini yule kaka alikuwa Mzaramo, anajua haki ya mtani ilivyo. Nikamwona anauma mdomo, machozi na kicheko vinagombana usoni.

"Mtani kadai," akasema. "Tufanyeje sasa? Haondoki huyo, Wanyamwezi nawajua, wakishatua mzigo wamelala."

Akatoa kisu akakata kamba za mkeka. Wanawake wakazungusha kanga wakampa stara. Nikalirusha shuka juu, wakamvika. Wengine waliniambia baadaye karafuu zilidondoka mchangani na harufu ikajaa pale pote. Mie sikuisikia. Walipomaliza wakamteremsha kwangu, maana nilikuwa nimo bado, na mtu wa pili alishuka kunisaidia lakini hakukuwa na haja. Hakuwa na uzito. Alikuwa mwepesi kama yule mtoto alivyokuwa siku ile mikononi mwake.

Nilipokuwa namlaza nikamwambia sikioni, "Nilipumzika njiani." Nikapanda juu. Nikachukua jembe, nikafukia mpaka mwisho, na hakuna mwanaume aliyeninyang'anya.

Nilitengwa miezi mitatu. Ni haki, sheria ilikuwa inajulikana na mie nilikuwa wa kwanza kuisifu. Nikakaa benchi la nyuma, wenzangu wakienda Mezani nabaki. Mume wangu alirudi kutoka vitani akanikuta bado niko pale, nikamwambia mtoto amekufa, na kwa nini nimekaa nyuma nikamwambia pia. Akaja akakaa na mimi.

Nimekaa nalo jambo hili miaka mingi, na sikulipatia mafundisho makubwa. Ninachokijua ni kidogo. Alikuwa na haki ya kulichukua, na alijua lilipo, na alilihitaji. Akangoja apewe. Mie sijauona upendo wa Mungu mahali pengine waziwazi kuliko pale, na nilipouona nilikuwa nimeketi kitandani na shuka mapajani, nasema kesho.

Miezi mitatu ilipokwisha wazee wa kanisa waliniita. Wakaniuliza kama nimetubu. Nikasema nimetubu, nimetubu habari ya shuka. Wakatazamana. Mmoja akaniuliza shuka lipi, wao wanauliza habari ya kulala kaburini. Nikawaambia ile ya kaburini sina la kutubu.

Wakaniongezea mitatu mingine.